Ekari 8,000 za Fidia: Dedham, Natick na Hisa za Pocumtuck

Mwaka 1663 Baraza Kuu la koloni la Massachusetts lilimaliza kesi ya ardhi kwa kuwapa haki wote wawili waliokuwa mbele yake. Mji wa Dedham ulikuwa na hati. Waindio wa Natick, yaani wenyeji wa asili wa Amerika, hati yao haikufika kote walikokuwa wakilima, lakini walikuwa na nyumba, mashamba na zaidi ya miaka 10 ya jasho juu ya ardhi ile. Baraza likaamua Waindio wabaki walipo, na Dedham walipwe ekari 8,000 popote watakapopaona panafaa, mahali pamoja au pawili, si zaidi, mradi pasiwe pamekwisha kutolewa kwa mwingine. "Mwingine" hapo maana yake ni mkoloni mwingine. Watu wa Pocumtuck, ambao bonde lao ndilo lililokuja kulipa deni hilo, hawakuwamo kesini.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama mwanzo wa mji wa Deerfield, uliokuja kujengwa kwenye bonde hilo la Pocumtuck. Ukikifuata ndani ya madaftari ya mji, unaona jambo jingine: namna haki ya ardhi ilivyogeuka kuwa namba kwenye orodha, na namba hiyo ikaweza kununuliwa na kuuzwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga udongo wenyewe.

Namba zilikotoka

Dedham ulianza 1636. Wenye mpango walikutana mara ya kwanza Watertown mwezi Agosti, na tarehe 10 Septemba Baraza Kuu likawakubalia eneo kubwa kusini ya mto Charles, pamoja na sehemu ya ng'ambo yake. Wao waliomba mji uitwe Contentment, yaani Kuridhika. Baraza likauita Dedham, kwa jina la mji mmoja wa Uingereza. Eneo lilikuwa kama maili za mraba 200, na waliokuwa tayari kuhamia mwanzoni walikuwa kaya chache tu.

Mtu angetarajia wagawane yote papo hapo. Hawakufanya hivyo, na sababu yake ni ya kimahesabu. Ardhi ikigawiwa yote leo, kesho hakuna cha kumvutia fundi chuma, mwenye kinu au mchungaji wa kanisa. Basi walitoa kidogo kidogo. Mwanamume mwenye mke alipata kiwanja cha ekari 12 pamoja na ekari 4 za kinamasi. Kapera alipata ekari 8 na kinamasi cha ekari 3. Vingine vyote, yaani misitu, nyanda za kulima na majani ya bondeni, vilikaa mikononi mwa mji mpaka mkutano uamue mgao mwingine.

Majani ya bondeni yanahitaji neno, kwa sababu ndiyo yaliyopanga thamani ya kila kitu. Majira ya baridi ya kule hufunika malisho kwa miezi, na ng'ombe asiye na majani makavu yaliyokatwa na kuwekwa tangu kiangazi hafiki mwezi Machi. Nchi ilikuwa msitu mtupu. Majani ya kutosha kukatwa yalipatikana kando ya mito tu. Kwa hiyo mwenye ekari 100 za msitu bila bonde la majani alikuwa na kuni nyingi na mifugo michache.

Kuanzia 1639 mji ulichagua kila mwaka wateule 7 wa kuendesha mambo kati ya mkutano mmoja na mwingine. Chini yao walikuwapo konstebo, wakaguzi wa nyua, wasimamizi wa nguruwe, wasimamizi wa njia na wapima ardhi. Vyeo hivi vinasikika vidogo, lakini mkaguzi wa nyua ndiye aliyeamua nani alipe ng'ombe akiingia shambani: kama ua ulikuwa mbovu, hasara ni ya mwenye shamba, kama ua ulikuwa mzima, hasara ni ya mwenye ng'ombe. Majina yaleyale yalirudi mwaka baada ya mwaka kwenye kiti cha wateule. Eleazer Lusher na Joshua Fisher ni wawili ambao huwezi kusoma kurasa nyingi bila kukutana nao.

Mwaka 1656 mlango ukafungwa. Mkutano uliamua kwamba ardhi ya pamoja ni ya waliokuwapo, na kwamba kila mmoja ana idadi maalumu ya "haki za ng'ombe", ikihesabiwa kwa mali yake kama ilivyothaminiwa kwa kodi. Haki moja ya ng'ombe ilikuwa sawa na haki tano za kondoo, kwa hiyo hata maskini alipata sehemu, ijapokuwa ni kondoo wawili watatu. Jina lilitokana na malisho: ukiwa na haki sita, unaweza kuswaga ng'ombe sita kwenye ardhi ya wote. Lakini namba hiyohiyo ndiyo iliyotumika kugawa ardhi yoyote itakayokuja baadaye, na ndiyo iliyotumika kugawa gharama. Mgeni aliyefika 1657 alikuwa mkazi, mlipa kodi, pengine hata muumini wa kanisa, lakini mwenye hisa hakuwa, ila anunue. Kuanzia hapo "mji" na "wenye mji" ni makundi mawili, ingawa walikaa katika jengo lilelile la mikutano na mara nyingi karani alikuwa yule yule. Anayesoma madaftari haya akitafuta babu yake asipotenganisha hayo mawili atapotea.

Natick: kingo mbili za mto mmoja

John Eliot, mchungaji wa Roxbury, alianza kuwahubiria wenyeji kwa lugha yao mwaka 1646 huko Nonantum, kwenye makazi ya Waban. Aliamini kwamba Mkristo anahitaji mji wenye nyumba na ua, na mwaka 1650 na 1651 watu wake wakahamia Natick, kwenye mto Charles, ndani ya mipaka ya Dedham. Walijenga daraja la miguu lenye urefu wa futi 80 kuvuka mto, wakachora njia tatu ndefu, wakagawana viwanja na kupanda miti ya matunda.

Dedham, kwa kusukumwa na Baraza Kuu, ulikubali kutoa kama ekari 2,000. Masharti yake yalikuwa mawili makubwa: Waindio waache madai mengine yote ndani ya mji wa Dedham, na wasitege mitego kwenye ardhi isiyozungushiwa ua, maana mtego wa kulungu haumtofautishi kulungu na ndama wa jirani. Na ardhi yenyewe iwe ukingo wa kaskazini wa mto.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa tangu siku ya kwanza. Njia mbili za Natick zilikuwa ukingo wa kaskazini, upande wa Boston. Ya tatu ilikuwa ng'ambo, upande wa Dedham. Daraja la futi 80 halijengwi na watu wanaokusudia kukaa ukingo mmoja. Kwa mkoloni mto ni mpaka mzuri kwa sababu hauhami na hauhitaji kuwekewa alama. Kwa watu wanaovua samaki humo na kulima pande zote mbili, mto ni katikati ya mji. Kufikia 1674, Daniel Gookin, aliyekuwa msimamizi wa Waindio kwa niaba ya koloni, aliihesabu Natick kuwa na kaya 29, watu kama 145, na ardhi ya takriban ekari 6,000. Tofauti kati ya 2,000 za makubaliano na 6,000 za hesabu ya Gookin ndiyo kesi yote.

Dedham walilalamika kwa miaka, kisha wakaenda mahakamani mwanzoni mwa miaka ya 1660. Kwa hati walikuwa na nguvu, na Baraza Kuu halikukana. Lakini Baraza liliona pia kwamba wenyeji walikuwa wametiwa moyo kukaa pale na viongozi wa koloni wenyewe, walikuwa wamesafisha na kulima, na kwamba kuwang'oa kungeharibu kazi ambayo fedha zake zilikuwa zikitoka kwa wafadhili wa London. Hoja hiyo ya mwisho haikuhitaji kupigiwa debe. Ndipo ikatoka ile amri ya ekari 8,000.

Ikumbukwe kwamba hukumu hii ilitingisha zaidi ya kesi moja. Kama wenyeji wanaweza kuwa na dai la haki juu ya ardhi ambayo koloni imekwisha kuigawa, basi hati ya Baraza Kuu peke yake haitoshi. Mwaka 1662 Dedham walikuwa wameshamlipa Philip, mkuu wa Wawampanoag, pauni 24 na shilingi 10 kwa eneo la Wollomonopoag, ambalo baadaye likawa mji wa Wrentham. Miaka ya 1680 walikuwa bado wanatafuta warithi wa machifu wa zamani ili watie alama kwenye hati za ardhi ambayo wakoloni walikuwa wameishi juu yake karibu nusu karne.

Kutafuta, kupima, kununua

Ekari 8,000 za karatasi si ardhi mpaka mtu azipate. Mwaka huohuo wa 1663, John Fairbanks aliwaletea wateule habari: kuna mahali pazuri maili 12 hadi 14 kupita Hadley, juu ya mto Connecticut. Kutoka Dedham hiyo ni zaidi ya maili 75 za msitu kuelekea magharibi. Watu walitumwa kwenda kuangalia, na walichokiona ni uwanda wa udongo mweusi ambao mto Deerfield huufurikia na kuuacha na tope jipya, tena uwanda usio na miti.

Hakukuwa na miti kwa sababu ulikuwa mashamba. Watu wa Pocumtuck walilima mahindi pale kwa vizazi. Mwaka 1638, wakoloni wa Connecticut walipokosa chakula, mahindi ya bonde hilo yaliteremka mto kwa msafara wa mitumbwi 50. Lakini mwaka 1664 ugomvi wao na Wamohawk, taifa jingine la wenyeji, uliishia kwa ngome yao kuangamizwa na waliosalia kutawanyika. Mpima wa Dedham alifika kwenye bonde lililokwisha kufyekwa na lililokuwa karibu tupu, muda mfupi baada ya msiba. Hakusababisha utupu ule, lakini bila huo asingepima kwa utulivu.

Mpima mwenyewe alikuwa Joshua Fisher. Ramani yake ilifika Baraza Kuu mwaka 1665, na Baraza likaithibitisha kwa masharti: wafanye pale mji, waweke ibada ya Kikristo katika muda wa miaka 5, na wasiingilie ardhi ya Hadley wala ile aliyopewa Meja Jenerali Denison. Ekari 8,000 ni maili za mraba 12 na nusu. Zikigawiwa haki 523, ambazo ndizo zilizohesabiwa kwa Pocumtuck, kila haki ya ng'ombe inabeba kama ekari 15 na robo. Hapa ndipo inapoonekana faida ya mfumo wa 1656: hakuna aliyehitaji kubishana upya nani anastahili nini. Orodha ya ng'ombe wa Dedham ilihamishwa nzima mpaka kwenye bonde ambalo hakuna ng'ombe hata mmoja wa Dedham aliyekuwa amelifikia.

Kununua haki ya wenyeji alipewa John Pynchon wa Springfield. Hakukuwa na mwingine wa kufaa zaidi: baba yake alianzisha Springfield mwaka 1636 kama kituo cha biashara ya ngozi, na familia ile ilikuwa na daftari la madeni la karibu kila mkuu wa bonde la Connecticut. Chauk, mkuu wa Pocumtuck, alitia alama yake tarehe 24 Februari 1667. Hati inaandika 1666/67, kwa kuwa mwaka wa Kiingereza wakati huo ulianza 25 Machi. Anayesoma tarehe kati ya Januari na 24 Machi bila kukumbuka hilo hukosea mwaka mzima. Masseamet na Ahimunquat walifuata mwaka huohuo. Gharama yote haikufika pauni 100, na ikigawanywa kwa haki 523 ni chini ya shilingi 4 kwa haki moja.

Hati ya Chauk inastahili kusomwa polepole. Anabakiza uvuvi katika mito, uwindaji wa kulungu na wanyama wengine, na ruhusa ya kuokota karanga za msituni kwenye ardhi ya pamoja. Hii ndiyo maana ya "kuuza" kama alivyoielewa: mje mlime, nasi tuendelee kuvua na kuwinda. Upande wa pili ulielewa kwamba umenunua, na kwamba masharti yale yatakufa yenyewe ua ukishajengwa. Hati ya Mashalisk ya 1672 inatisha zaidi kwa ukimya wake. Mwanamke huyu alitoa ardhi kufuta deni la mwanawe kwa Pynchon, ngozi 10 kubwa za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya ya thamani, zikiwamo. Ngozi ya biva ndiyo ilikuwa fedha ya wenyeji machoni pa wafanyabiashara. Biva walipokwisha mitoni, kilichobaki cha kulipia ni ardhi yenyewe. Na aliyeandika deni, aliyeandika hati na aliyekuwa na hisa mle bondeni alikuwa mtu mmoja.

Kura ya 1670 na waliokwenda kweli

Tarehe 23 Mei 1670 wenye hisa za Pocumtuck walikutana Dedham na kupiga kura ya viwanja. Angalia mahali: Dedham. Waliokutana hawakuhitaji kuliona bonde ili kupata namba yao ndani yake, na wengi hawakuwa na nia ya kuliona. Mtu wa makamo mwenye nyumba, ghala na shamba lililokwisha kung'olewa visiki hana sababu ya kuanza upya umbali ule. Hisa ilikuwa kitu cha kuuza. Walionunua walikuwa wa aina mbili: wenye fedha, kama Pynchon mwenyewe na John Leverett aliyekuja kuwa gavana mwaka 1673, na wenye haja, ambao walinunua kidogo ili wakakae.

Samuel Hinsdale alikuwa wa kundi la pili. Mwaka 1669, kabla ya viwanja kugawiwa, alikuwa tayari bondeni akilima. Kwenye mkutano wa 1670 suala lake lililetwa: amepasua ardhi kwa jembe bila kujua sehemu yake itaangukia wapi, je, ikiangukia mwingine atalipwa jasho lake? Mwenye mbegu mkononi hawezi kungoja ramani. Hatimaye kazi ya kupanga mji ilikabidhiwa Fisher pamoja na watu watatu wa Hatfield, mji jirani, na taarifa yao ikakamilika Mei 1671: barabara moja kuu kwenye mwinuko mdogo usiofikiwa na mafuriko, viwanja pande zote mbili, mashamba bondeni pembeni.

Kasoro ilikuwa ndani ya hesabu yenyewe. Kwa kuwa viwanja vilipangwa kwa kura na kwa idadi ya hisa, viwanja vya wasiokuja vilitawanyika katikati ya vile vya waliokuja, na mwenye hisa nyingi alipata sehemu kubwa ya udongo bora. Mkazi alijikuta kati ya majirani wawili ambao hawapo: hakuna wa kushirikiana naye ua, na hakuna wa kulinda zamu usiku. Kodi ya mchungaji nayo ilielemea mabega machache. Mwaka 1673 Baraza Kuu liliongeza eneo mpaka likawa maili 7 kwa 7, kwa sharti la kupata mchungaji ndani ya miaka 3 na kutenga ekari 250 kwa ajili ya koloni. Nyongeza ilileta nafasi pembezoni. Katikati palibaki kama palivyokuwa.

Kwa anayetafuta ukoo, kosa linalorudiwa sana ni hili: kuona jina kwenye kura ya 1670 na kuandika kwamba huyo ni "mlowezi wa kwanza wa Deerfield". Jina lile linathibitisha hisa tu. Ukaazi huthibitishwa na vitu vingine, kama hati inayosema "wa Pocumtuck" au "wa Deerfield" badala ya "wa Dedham", kujengwa kwa nyumba kiwanjani, au ombi alilotia sahihi akiwa mkazi. Na kinyume chake ni kweli: mtu aweza kuishi pale miaka bila kuonekana kwenye orodha ya hisa, kwa sababu alipanga.

Robert Hinsdale, baba yake Samuel, anaonyesha njia nzima. Alikuwa mmoja wa wanaume 8 walioanzisha kanisa la Dedham mwaka 1638, wale waliohojiana imani kwa miezi kabla ya kukubaliana nani anafaa kuwa jiwe la msingi. Akahamia Medfield, uliomegwa kutoka Dedham, kisha bonde la Connecticut, kisha Pocumtuck kwa wanawe. Tarehe 18 Septemba 1675, wakati wa vita vya Philip, yule mkuu wa Wawampanoag, dhidi ya wakoloni, msafara wa magari ya kukokotwa uliobeba nafaka za Deerfield kwenda Hadley, ukilindwa na kikosi cha Kapteni Thomas Lathrop, ulivamiwa penye kijito ambacho tangu siku hiyo kinaitwa Bloody Brook. Waliuawa zaidi ya 60. Robert Hinsdale alikuwa miongoni mwao, pamoja na wanawe watatu, Samuel akiwamo. Mji ukaachwa.

Wiki chache baadaye, tarehe 30 Oktoba, watu wa Natick waliamriwa kuondoka makwao na kupelekwa Deer Island, kisiwa kitupu katika bandari ya Boston, kwa kuogopwa kwamba wangejiunga na Philip. Ile ardhi ambayo Dedham walilipwa ekari 8,000 ili waiache ilibaki majira yote ya baridi bila mtu.

Mwaka 1678 waliosalia wa Deerfield waliomba ruhusa ya kurudi. Ombi lao kwa Baraza Kuu halikulalamikia vita kwanza. Lilisema kwamba ardhi bora kwa udongo na kwa mahali, iliyo katikati ya mji, tena karibu nusu ya yote, ni ya wenye hisa 8 au 9 ambao hakuna hata mmoja anayeelekea kuja kukaa. Waliomba Baraza lifanye kitu ili sehemu zile zipatikane kwa watakaokaa kweli, la sivyo mji hautasimama. Baraza liliwajibu waende wakawaone wenye hisa wenyewe.